Laini ya Mama: Kisa cha Simu Mbili, Kamera Moja na Safari ya Nchi Nne

## Usuli

Mama na binti hawa nawafahamu vizuri, na wamekubali nisimulie yaliyowapata ili mwingine asiyapitie. Majina yao, nchi wanakotoka, benki na kampuni zao za simu nimeviacha nje kwa makusudi. Njia waliyopita sikuibadilisha, kwa sababu bila njia hiyo kisa hakieleweki. Kila mpaka waliovuka ulikuja na tatizo lake.

Mama ni mstaafu wa miaka 60 na ushei. Alidunduliza muda mrefu ili yeye na binti yake waione Paris, Geneva, Tokyo, Kyoto na New York kwa mkupuo mmoja, siku 22, mwezi wa Oktoba. Fedha za safari zilikuwa kwenye akaunti yake, na kadi ya benki ilikuwa kwenye pochi yake. Jambo hilo lishike, maana kisa chote kimeegemea hapo.

Binti ana miaka 30 na kitu. Hupiga picha kwa mapenzi yake tu, na hupiga vizuri. Kamera yake ni ile isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), yenye sensa, yaani kipande kinachonasa mwanga, ya ukubwa wa filamu ya milimita 35. Alipanga kubeba lenzi tatu: ya milimita 24 hadi 70, ya 70 hadi 200 ya kuvuta vitu vya mbali, na ndogo ya 35. Zaidi ya hizo kulikuwa na tripodi (miguu mitatu ya kusimamishia kamera), laptopu, betri tatu za akiba na pawabenki ya mAh 30,000 (mAh ni kipimo cha uwezo wa betri). Alipoupima mzigo huo peke yake ulikaribia kilo sita.

Simu zao hazikulingana. Ya Binti ilikuwa na miaka miwili, ina tundu moja la kadi na inapokea eSIM, yaani laini ya kupakua isiyo na kadi ya plastiki, kwa hiyo inabeba laini mbili kwa wakati mmoja. Ya Mama ilikuwa na miaka saba hivi, tundu moja, haijui eSIM. Mama aliipenda kwa sababu maandishi yake aliyakuza akayazoea, na kila kitu alijua kilipo.

Wiki tatu kabla ya kuondoka, Binti aliniletea orodha ya vifaa niipitie. Niliuliza maswali mengi kuhusu lenzi. Kuhusu laini ya Mama sikuuliza hata swali moja, na hilo bado linaniuma.

## Maamuzi kabla ya safari, na sababu zake

Kwa upande wa Mama waliamua anunue kadi ya simu ya wenyeji kila nchi watakayofika. Sababu zao zilikuwa na mantiki. Simu yake haipokei eSIM, data ya romingi, yaani kutumia laini ya nyumbani kwenye mitandao ya nchi nyingine, ilikuwa ghali mno, na kadi ya plastiki ni kitu anachokijua tangu zamani: unatoa hii, unaweka ile. Kwa Binti walinunua eSIM tatu, moja ya Ulaya, moja ya Japani na moja ya Marekani. Alizipakua zote akiwa nyumbani kwenye waifai, na laini yake ya nyumbani akaiacha tunduni, data ya romingi ikiwa imezimwa.

Tazama tofauti iliyojificha hapo. Namba ya nyumbani ya Binti ilisafiri ikiwa hai. Ya Mama ilipangiwa kutoka ndani ya simu siku ya kwanza tu.

Malazi ya Paris, Geneva na Tokyo yalilipiwa mapema. Ya Kyoto waliyaweka kwa ahadi ya kulipa baadaye, kabla ya saa sita usiku wa siku ya kumi, kwa sababu walitaka nafasi ya kubadili tarehe. Malipo yangepitia kadi ya Mama.

Kuhusu kamera uamuzi ulikuwa kubeba vyote. Nilipomuuliza Binti kwa nini, alijibu, "Kyoto sitarudi tena." Nalielewa jibu hilo kwa moyo wote. Ndilo linalojaza mabegi ya wapiga picha wengi kuliko sababu nyingine yoyote.

## Yaliyotokea

### Kaunta ya mizigo

Tatizo la kwanza lilikuja kabla hawajapanda ndege. Binti alikuwa ameweka betri za akiba na pawabenki kwenye sanduku kubwa la kukabidhi. Waliitwa, sanduku likafunguliwa, vitu vikatolewa.

Kanuni ni moja karibu dunia nzima: betri za akiba za lithiamu haziingii kwenye mizigo ya tumboni mwa ndege, zinabebwa mkononi. Betri ikichemka na kuwaka ndani ya kabini, mtu ataiona na wahudumu wataishughulikia. Kule chini kwenye mizigo inaweza kuwaka bila mtu kujua. Tena kuna kipimo. Hadi wati-saa 100, yaani kiasi cha nishati ndani ya betri, unabeba bila kuomba. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege. Zaidi ya hapo hairuhusiwi kwa abiria.

Betri za kamera hazikuwa na neno, kila moja ilikuwa na wati-saa 16 na kidogo. Pawabenki ndiyo iliyokwama. Hesabu yake ni rahisi: mAh zidisha kwa volti 3.7, gawa kwa 1,000. Elfu thelathini inatoa wati-saa 111. Hawakuwa wameomba kibali, ikaachwa uwanjani. Ya mAh 20,000 ingekuwa 74, ingepita bila swali, na kwa watu wawili wenye simu mbili ingetosha siku nzima.

### Paris na Geneva

Paris, Mama alinunua kadi. Binti alichomoa laini ya nyumbani kwa pini, akaikunja ndani ya karatasi laini, na Mama akaitia kwenye kasha la miwani yake. Kadi mpya ilishika mtandao mara moja, na kwa siku nne Mama alituma picha nyumbani bila tabu. Makumbusho ya Louvre hayaruhusu tripodi wala mwanga wa fleshi, hivyo tripodi ilishinda chumbani.

Siku ya tano walipanda treni kwenda Geneva. Walipovuka mpaka, data ya Mama ilikatika. Kadi ile ilikuwa inafanya kazi Umoja wa Ulaya wote, na muuzaji alisema kweli. Tangu tarehe 15 Juni 2017, laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nchi nyingine za Umoja bila nyongeza ya romingi, ndani ya mipaka ya matumizi ya haki, na mpango huo uliongezwa mwaka 2022 kwa miaka kumi mingine. Iceland, Norway na Liechtenstein zimo. Uswisi haimo, ingawa kwenye ramani imezungukwa pande zote na nchi zilizomo.

Eneo la Geneva limekumbatiwa na ardhi ya Ufaransa, na simu hushika mnara wa upande huu au ule kwa jinsi upepo unavyovuma. Simu ya Mama ilikuwa inapata data wakiwa karibu na mpaka na kuikosa wakirudi mjini, mpaka akadhani imeharibika. eSIM ya Binti haikutetereka, kwa kuwa alisoma orodha ya nchi moja baada ya nyingine kabla ya kulipa, na Uswisi ilikuwa imetajwa. Alimgawia Mama intaneti kutoka kwenye simu yake kwa siku mbili.

Adapta ya umeme waliyoinunua Paris, yenye miguu minene, nayo haikuingia kwenye tundu la Uswisi. Miguu myembamba ya mviringo ndiyo inayoingia pande zote mbili.

### Tokyo, usiku wa laini

Hapa ndipo penye kisa.

Japani kadi nyingi zinazouzwa kwa wageni ni za data peke yake, hazina namba ya kupigia wala ya kupokelea ujumbe mfupi, kwa sababu namba ya sauti hudai uthibitisho wa kitambulisho. Mama alinunua ya aina hiyo, ikafanya kazi vizuri. Siku ya kumi, saa moja jioni, waliketi kulipia malazi ya Kyoto. Mama aliingiza namba za kadi ya benki. Ukurasa ukajibu kwamba namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu yake. Ilitumwa kwenye namba ya nyumbani, na namba ya nyumbani ilikuwa kwenye kasha la miwani.

Binti alichukua pini, akatoa kadi ya Japani, akaweka ya nyumbani. Simu ikawaka na kuuliza PIN ya laini.

Mama aliwahi kuweka PIN hiyo miaka mingi nyuma. Simu yake haizimwi ovyo, kwa hiyo alikuwa hajaulizwa kwa muda mrefu. Alijaribu mwaka aliozaliwa. Akajaribu mwaka alioolewa. Binti alimwambia, "Mama, ngoja kwanza tufikiri," lakini kidole kilikuwa kimeshabonyeza mara ya tatu.

"Mwanangu, hii simu sasa inataka PUK. PUK ni kitu gani?"

Ukikosea PIN ya laini mara tatu, kadi hujifunga na kudai namba nyingine ya tarakimu nane. Ukikosea hiyo mara kumi, kadi imekufa, hairudi. Namba hiyo huandikwa kwenye plastiki ambayo laini ilikatwa siku iliponunuliwa. Plastiki ya Mama ilikuwa nyumbani, kwenye droo.

Kuipigia kampuni ya simu hawakuona njia, kwa kuwa kadi zote za Japani walizokuwa nazo zilikuwa za data tu, na laini ya Binti ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa. Binti alimpigia mjomba kwa intaneti. Mjomba hakupokea, alikuwa kazini. Alipokea baadaye, akasema ufunguo wa nyumba anao na ataenda kesho yake asubuhi. Saa sita ya usiku ilipita Tokyo, na ahadi ya malazi ya Kyoto ikafutika yenyewe.

Picha ya plastiki ilifika siku iliyofuata: mkono wa mjomba, kipande cheupe chenye tundu la laini katikati, na namba zimefifia kiasi kwamba sita na nane zilifanana. Binti aliikuza picha, akamsomea Mama tarakimu moja moja, Mama akaandika polepole. Laini ikafunguka. Simu ilitafuta mtandao kwa dakika kadhaa, kisha meseji zikaanza kudondoka moja baada ya nyingine, zikiwemo namba tatu za uthibitisho ambazo muda wake ulishapita.

### Kyoto

Walipata mahali pengine, mbali na katikati ya mji. Kadi ya Binti ndiyo iliyolipia usiku wa kwanza, kwa kiasi kilichokuwemo. Benki yake huthibitisha ndani ya programu ya simu: aliona ombi kwenye kioo, akagusa alama ya kidole, likapita kwa data ya Japani bila kuhitaji laini yoyote. Mama alitazama kitendo hicho cha sekunde tano bila kusema neno.

Mvua ilinyesha siku mbili. Binti aliificha kamera begini na kupiga kwa simu.

Siku ya kumi na mbili kadi moja ya kumbukumbu iligoma kusomeka. Kila usiku alikuwa akinakili picha kwenye laptopu, isipokuwa usiku ule wa PUK na uliofuata, alipolala amechoka. Kamera yake ina matundu mawili ya kadi, lakini aliyapanga hivi: la pili lianze kuandikwa la kwanza likijaa. Angeweza kuyapanga kila picha iandikwe pote pawili. Alifanya jambo moja sahihi: aliitoa kadi ile papo hapo na hakuitumia tena, hivyo programu ya kuokoa mafaili ilirudisha sehemu kubwa walipofika nyumbani. Jioni moja ya vichochoro vya Tokyo haikurudi.

### New York

Marekani simu ya Mama iliwachanganya zaidi ya kote. Alama ya 4G ilionekana juu ya kioo, ramani ilifunguka, lakini simu ya kawaida haikupigika wala kupokelewa. Ndani ya mwaka 2022 mitandao mikuu yote mitatu ya Marekani ilizima 3G. Sauti sasa hupita juu ya 4G au 5G, na simu isiyoweza hivyo, au ambayo mtandao wa pale haujaikubali kwa kazi hiyo, inabaki na data tu. Ndani ya majengo hata data ilipotea. Masafa ya redio ya chini yanayopenya kuta Marekani si yale ya Ulaya na Japani, na simu ya Mama haikuwa na mengi kati ya hayo.

Walipotezana mchana mmoja. Mama alipiga mara nne, hakuna kilicholia. Walikutana kwa sababu asubuhi waliambiana, "Tukipotezana, turudi mlangoni tulipoingilia."

## Matokeo

Walirudi salama na wanaongea kuhusu safari hiyo kwa furaha. Walipoteza pawabenki, malazi waliyoyachagua Kyoto, karibu siku mbili za utulivu, na picha za jioni moja. Fedha za ziada walizolipia malazi mapya zilizidi kile ambacho kingewagharimu kuacha laini ya Mama kwenye romingi ya ujumbe mfupi kwa siku zote 22, maana kampuni yake haitozi kupokea meseji nje ya nchi. Hilo walilijua waliporudi na kuuliza.

Tulipozifungua picha pamoja, tulizipanga kwa lenzi. Lenzi kubwa ya 70 hadi 200 ilitumika kwa dhati siku moja tu, kwenye milima ng'ambo ya ziwa la Geneva. Tripodi haikufunguliwa hata mara moja. Picha zilizotundikwa ukutani nyumbani kwao ni saba: nne za lenzi ya 35, mbili za simu siku ya mvua, moja ya milima.

## Uchambuzi

### Namba kwanza, data baadaye

Watu wengi wakisema "simu ya safari" wanawaza intaneti, na ni kweli intaneti ndiyo inayoonekana haraka ikikosekana. Lakini intaneti ina njia nyingi za kuipata: waifai, kadi ya dukani, simu ya mwenzako. Namba yako ya nyumbani haina mbadala. Benki inaijua hiyo tu. Barua pepe ikishuku kwamba si wewe, itatuma namba ya uthibitisho huko huko. Programu ya kutuma ujumbe ukiihamishia kwenye simu mpya itauliza namba hiyo hiyo. Mtu anayechomoa laini ya nyumbani anaweza kujikuta amebeba kadi za benki ambazo hawezi kuzitumia mtandaoni.

Kwa hiyo katika kisa hiki kosa halikuwa kununua kadi za wenyeji. Kadi zile zilikuwa nzuri na bei yake ya haki. Kosa lilikuwa kununua kadi za wenyeji kwa simu yenye tundu moja, inayobeba namba ya mwenye fedha. Kama Mama angekuwa na simu ya Binti na Binti ya Mama, pengine nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Suluhisho lilikuwa ndani ya uwezo wao tangu mwanzo, na halikuhitaji simu ya bei kubwa. Simu ya daraja la kati yenye nafasi ya laini mbili ingetosha: laini ya nyumbani inakaa mahali pake, data ya romingi imezimwa, na eSIM au kadi ya wenyeji ndiyo inayobeba intaneti. Hiyo ndiyo njia ninayompendekezea karibu kila mtu. Wengine huacha laini ya nyumbani kwenye simu ya zamani na kuiweka chumbani, nao hufanikiwa, mradi tu simu hiyo ya zamani inashika mtandao wa nchi husika. Kwa ya Mama ingewafaa Japani. Marekani nisingeitegemea.

Romingi yenyewe inahitaji kuulizwa mapema. Kuna kampuni zinazofungua romingi ya ujumbe mfupi bila kuombwa, na kuna zinazotaka uiwashe ukiwa bado nyumbani, ambapo ukishavuka mpaka umechelewa. Uliza pia kama kampuni yako inaruhusu laini kufanya kazi juu ya waifai, maana hapo ujumbe wa benki unaweza kukufikia hata pasipo na mnara.

### PIN, PUK na ile plastiki

Hiki ndicho kipande kidogo kabisa cha kisa na ndicho kilichowafungia mlango. Ningependa kila msafiri afanye jaribio hili mezani kwake wiki moja kabla: zima simu, toa laini, irudishe, washa. Ikiuliza PIN na huijui, umeligundua tatizo ukiwa karibu na droo yenye plastiki. PIN nzuri ni ile unayoikumbuka, na kuiondoa kabisa kuna hatari yake, kwa sababu mwizi akipata kadi isiyo na PIN anaiweka kwenye simu yake na kupokea ujumbe wako wa benki. Iandike PUK mahali ambapo si ndani ya simu hiyo hiyo, na mpe nakala mtu mmoja nyumbani unayemwamini. Mjomba aliokoa safari hii kwa sababu tu alikuwa na ufunguo.

Pamoja na hilo, hamisha uthibitisho wa benki kutoka kwenye meseji kwenda kwenye programu, kama benki inaruhusu, na ufanye hivyo kabla ya kuondoka. Kuiwasha programu hiyo kwa mara ya kwanza mara nyingi kunadai ujumbe mfupi, kwa hiyo ukisubiri mpaka ufike ugenini unarudi kwenye mkwamo ule ule.

### Walichofanya vizuri

Binti alizipakua eSIM akiwa nyumbani. Watu huchukulia hilo kuwa jambo dogo, kumbe kuipakua eSIM kunahitaji intaneti, na uwanja wa ndege wenye waifai mbovu ni mahali pabaya pa kujifunza. Alisoma pia muda wa bando unaanza lini. Zipo zinazoanza kuhesabu siku ile unayoipakua, na zipo zinazosubiri mpaka ishike mtandao wa nchi husika, na tofauti hiyo kwa safari ya nchi nne ni kubwa. Hakuifuta hata moja katikati ya safari. Nyingi haziwezi kupakuliwa mara ya pili kwa alama ile ile ya QR.

Ahadi ya kurudi mlangoni nayo naihesabu kuwa kifaa, tena kisichohitaji chaji.

### Kuichagua simu kwa nchi, si kwa jina

Simu mbili za modeli moja zinaweza kutofautiana kulingana na soko zilikouzwa. iPhone zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina tundu la kadi, ni eSIM tu, kwa hiyo mwenye nayo akikutana na nchi inayouza kadi za plastiki peke yake atakwama. Modeli nyingi za China bara ni kinyume chake: matundu mawili ya kadi, bila eSIM. Masafa pia hutofautiana. Tafuta namba kamili ya modeli kwenye mipangilio ya simu, kisha ulinganishe bendi zake za 4G, yaani mafungu ya masafa yenye namba, na za mitandao ya unakokwenda. Kwa Ulaya angalia 20 na 28, kwa Japani 8, 18 na 19, kwa Marekani 12, 13 na 71. Hizo ndizo za masafa ya chini zinazoingia ndani ya kuta. Na kabla ya yote hakikisha simu haijafungwa kwenye mtandao mmoja, jambo linalojulikana kwa dakika mbili tu ukiazima laini ya kampuni nyingine na kuiweka.

### Kamera

Hapa nina msimamo. Lenzi ya 70 hadi 200 ni lenzi nzuri mno, na picha ile ya milima inathibitisha. Lakini kwa safari hii uzito wake na nafasi yake vingebadilishwa na simu bora kwa Mama, faida ingeonekana kila siku badala ya siku moja. Ningemwachia Binti lenzi ya 24 hadi 70 kwa mchana na ya 35 kwa usiku, kwa kuwa ile ya 35 inafungua mlango wa mwanga mpana zaidi na ni nyepesi kiasi cha kumfanya aitoe begini. Kamera isiyotolewa begini haina faida yoyote kwa sensa yake kubwa. Mvua ya Kyoto ilionyesha hivyo, pale simu ilipoleta picha mbili zilizofika ukutani.

Kuhusu kuhifadhi, kamera yenye matundu mawili ipangwe iandike kote kuwili tangu siku ya kwanza. Inapunguza nafasi kwa nusu, ndiyo, na kadi za akiba ni nyepesi kuliko majuto. Kadi moja ikae begini na nyingine mfukoni usiku, ili begi likiibiwa picha zisiende nalo.

Jambo la mwisho tuligundua tukipanga picha. Saa ya simu ilijibadilisha yenyewe kila walipotua. Saa ya kamera ilibaki ya Paris, saa saba nyuma ya Tokyo, na picha za machweo ya Kyoto zilipangika kabla ya picha za simu za chakula cha mchana wa siku hiyo hiyo. Tulizisahihisha kwa kundi zima, ikatuchukua usiku mzima.

## Walivyo sasa

Wanapanga safari nyingine, fupi zaidi. Mama amenunua simu yenye laini mbili, na wiki ya kwanza alilalamika kwamba maandishi ni madogo hadi Binti alipoyakuza. Nilipowatembelea, Mama aliizima simu hiyo mezani mbele yetu, akaiwasha, akaandika PIN mwenyewe. Akaizima tena. Alifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu hakutazama karatasi.